NANI ATATUMWA DUKANI?
Kikapu cha wazee wa Kibera na Kawangware

Msomaji aliyelelewa katika mitaa ya Waswahili, ikiwa ni Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, au Malindi, hana haja ya kuelezwa maana ya kutumwa. Mtoto alikuwa hapiti mbele ya baraza ya mtu mzima akaenda zake vivi hivi. Atatoa shikamoo, ataitikiwa marahaba, kisha ataulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Na kabla hajamaliza kujibu, sarafu zimekwisha tiwa mkononi mwake: nazi moja, kibaba cha mchele, mafuta ya taa chupa moja, na asicheze njiani. Akirudi, huenda akapewa kashata au senti iliyobaki. Huenda asipewe kitu ila dua. Akikataa kwenda, habari zake hufika kwao kabla yake.

Siku hizo hapakuwa na mtu aliyesema kwamba mtoto yule anajitolea kuwahudumia wazee. Lakini tukiitazama kazi yake kwa makini, twaona kwamba ndiyo iliyomwezesha bibi aliyeumwa magoti kuendelea kukaa nyumbani kwake, na funguo zake, na sufuria yake, na saa yake ya kupika, bila ya kuhamishiwa chumba cha nyuma kwa mwanawe. Miguu ilikuwa ya mtoto. Amri ilikuwa ya bibi.

Leo jambo hili linazungumzwa ulimwenguni kwa majina makubwa. Nchi tajiri zina vyama vya watu wa kujitolea wanaowanunulia wazee mahitaji na kuwapelekea mlangoni. Makala haya yataka kulitazama jambo hilo mahali ambapo ni gumu zaidi, nako ni Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi. Na neno tunalotaka kulisema ni moja: kumpelekea mzee chakula ni jambo jema, lakini kutumwa na mzee ni jambo jema zaidi, kwa kuwa la kwanza humshibisha, na la pili humshibisha na kumwacha mwenye nyumba yake.

MITAA MIWILI, WAZEE WA NAMNA MBILI

Huenda msomaji wa Pwani akauliza, yetu nini na ya Nairobi? Jawabu ni kwamba Kibera ina Waislamu wa tangu zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwanzo wake ni askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao Waingereza waliwakalisha huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mnamo 1918 ardhi ipatayo ekari 4,200 ilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi, na askari hao waliomaliza utumishi wakajenga, wakaoa na kuzaa. Watu wao ndio Wanubi wa leo, na jina Kibera latokana na neno lao, Kibra, yaani msitu. Msitu uliisha, ekari zikapungua, wageni wakaja kwa maelfu. Na ni 2017 tu ndipo Wanubi walipopewa hati ya ardhi, ya ekari 288. Makina, penye msikiti wao, ndicho kitovu chao hadi sasa.

Hili lina uzito katika mjadala wetu. Watu wengi husema kwamba mji wa Nairobi hauna wazee, kwa sababu mtu akizeeka hurudi kwao mashambani. Mzee wa Kinubi atarudi wapi? Kwao ni Kibera. Nyumba ya babake iko Kibera, na makaburi ya watu wake yako Kibera. Tena si yeye pekee. Kuna Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengineo waliokuja mjini wakiwa vijana, wakazeekea katika chumba cha kupanga, na shamba la nyumbani likagawanywa wao hawapo.

Kawangware nayo ina sura yake. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi, wengi wao jamaa za Kikuyu waliokata viwanja na kujenga vyumba vya kupangisha. Hivyo waweza kumkuta mama mzee ambaye ni mwenye kiwanja, naye akaa chumba kimoja katikati ya wapangaji asiowajua hata majina, maana huyu kahama mwezi jana na yule ameingia leo. Mlango wa pili yuko mpangaji mzee vilevile, asiye na kiwanja wala jamaa wa karibu. Mmoja ana mali, mwingine hana. Lakini asubuhi magoti yanapokataa kuinuka, haja yao ni moja.

Pwani twamwita bibi au nyanya. Makina watamwita habuba. Kawangware ataitwa shosho. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wa miaka 60 na zaidi walikuwa wapata milioni 2.7. Haiwezekani wote hao wawe na shamba, au mkwe mwema, au mjukuu aliye likizo.

SAFARI YA KIBANDANI

Mtu mwenye mshahara wa mwezi na jokofu hununua vitu mara moja, akaweka. Maskini hanunui hivyo. Yeye hununua cha leo: unga wa kupima, mafuta ya kupima, sukari ya kufungwa katika karatasi, fungu la sukuma wiki, nyanya mbili, mkaa mkebe mmoja. Hana fedha za kununua zaidi, na hata angekuwa nazo hana pa kuweka. Sukuma wiki ya juzi hailiki, na unga katika chumba kinachovuja hupata ukungu.

Maana yake ni kwamba kwa mzee wa Kibera safari ya dukani si ya mara moja kwa wiki. Ni ya kila siku. Na siku tatu za maumivu ya miguu ni siku tatu bila chakula, hata kama fedha ziko chini ya mto. Hapa ndipo tunapokosea tunapoihesabu kazi ya kumpelekea mzee mahitaji kuwa ni starehe ya Wazungu. Kwa tajiri, kuletewa ni raha. Kwa bibi huyu, ni ama kula ama kulala njaa.

Isitoshe, njia yenyewe ina mambo. Kibera imejengwa juu ya miteremko inayoshukia Mto Ngong, na reli inapita katikati. Vichochoro ni vyembamba, na katikati ya kichochoro mna mfereji wa maji machafu ambao kijana anauruka bila kufikiri. Mtu wa miaka 75 hauruki. Mvua ya masika ikinyesha, ule udongo mwekundu huwa kama sabuni. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na atakayeununua lazima aubebe au alipe wa kuubeba. Mzee akianguka mara moja na kuvunjika nyonga, habari ya kuishi peke yake imekwisha. Basi kijana anayekwenda kibandani kwa niaba yake amemletea unga, na pia amemwepusha na kuanguka.

Zamani nani alikwenda? Alikwenda mtoto wa jirani. Leo mtoto yuko shuleni tangu alfajiri hadi jioni, na hilo ni jambo jema ambalo hatuliombi litanguke. Mama wa jirani ametoka kwenda kufua nguo za watu au kuuza mboga. Na jirani mwenyewe huenda si yule wa mwaka jana. Mnamo Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakatawanyika. Barabara ni maendeleo, hapana shaka. Lakini tingatinga lilipobomoa kuta, lilibomoa na ujirani wa miaka 30, na ujirani haulipwi fidia.

SOMO LA 2020

Mwaka ambao ulitufunulia haya yote ni 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Mwisho wa mwezi huo ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Wazee waliambiwa wakae ndani, kwa kuwa ugonjwa uliwapenda wao zaidi. Shauri zuri, ila hakuna aliyewaambia unga utaingiaje ndani.

Tarehe 10 Aprili watu walikusanyika Kibera kupokea chakula cha msaada. Wakasukumana, wakakanyagana, polisi wakatupa mabomu ya machozi, na wengi wakaumia. Yafaa tujiulize: katika msongamano ule, ni nani aliyefika mbele? Si habuba wa Makina. Chakula kikigawiwa uwanjani, hukipata mwenye mabega. Wanaokihitaji zaidi ndio wasioweza hata kufika kwenye foleni.

Serikali nayo ilianza kuwapelekea baadhi ya maskini wa mitaa ya Nairobi shilingi 1,000 kwa wiki kupitia simu. Mpango huo ulikuwa na busara, kwa kuwa fedha haimwagiki njiani wala haigombaniwi uwanjani. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kwamba ulijaa kasoro, na jamaa nyingi zilizostahili hazikupata kitu. Na hata aliyepata alikuwa na fedha ndani ya simu, na kibanda kiko ng'ambo ya mfereji.

Waliojaza pengo ni watu wa mtaa wenyewe: vijana wa vikundi, wa misikiti na wa makanisa, waliobeba vifurushi mlango hadi mlango. Walichojifunza ni kwamba chakula kikipelekwa nyumbani, foleni hugeuka: aliye dhaifu huwa wa kwanza.

GUNIA NA KIKAPU

Hata hivyo si kila kinachofika mlangoni ni sawa. Kuna gunia na kuna kikapu.

Gunia ni la mtoaji. Yeye ndiye aliyeamua ndani mna nini: kilo mbili za unga, nusu ya maharagwe, mafuta, sabuni. Mzee hakuulizwa. Ikiwa ana shinikizo la damu na maharagwe yale ni ya mkebe yenye chumvi nyingi, hayo ni yake. Ikiwa hana meno ya kutafuna, hayo pia ni yake. Tena gunia mara nyingi huja na kamera. Mzee husimamishwa mlangoni, hutiwa gunia mikononi, huambiwa atabasamu, na picha ikapelekwa kwa watu asiowajua. Mtu aliyekaa miaka 50 katika mtaa kwa heshima yake, leo anaonekana ulimwengu mzima akiwa na uso wa kuomba.

Kikapu ni cha mzee. Kijana hubisha hodi, hutoa salamu, kisha huuliza, "Leo unanituma nini?" Mzee hufikiri. Atasema anataka ndizi za kupika, si unga. Na nyanya zisiwe za kuiva sana. Na azinunue kwa mama fulani pale kona, maana yule mwingine hupunja. Hutoa fedha zake, hata zikiwa kidogo. Zikipungua, kikundi huongezea bila kelele. Kijana akirudi, chenji huhesabiwa mbele ya mwenyewe na kuandikwa katika daftari. Ikiwa nyanya ni mbovu, mzee atagomba, na ana haki ya kugomba, kwa kuwa ni zake.

Huyo ndiye mtu anayeishi kwake. Anayechagua nyanya zake, anayejua fedha zake ni ngapi, anayemtuma mtu na kumkosoa, huyo hajageuka mzigo, hata kama miguu imekufa. Waswahili tuna msemo kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Akili ya mzee imo bado. Linalotakiwa ni miguu tu.

Na kijana huyo akiwa makini, ataona mambo ambayo daktari hayaoni. Ataona kwamba jana chakula hakikuliwa, kwamba kiwambaza kimevuja juu ya kitanda, kwamba bibi leo anamwita kwa jina la mtu mwingine. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya ina wahudumu wa afya wa mitaani wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vya kupimia presha na sukari. Mbeba kikapu akijuana na mhudumu wa mtaa wake, habari ya bibi itafika kabla hajaanguka.

WENZETU WALIFANYAJE

Waingereza wana uzoefu katika mambo haya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chama cha akina mama kilichoitwa Women's Voluntary Services, kilichoundwa 1938, kilianza kuwapelekea wazee chakula majumbani. Mji wa Hemel Hempstead hutajwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo, mnamo 1943. Chama hicho kipo hadi leo kwa jina la Royal Voluntary Service. Machi 2020, serikali ya huko ilipoomba watu 250,000 wa kujitolea kuwasaidia waliofungiwa majumbani, waliojiandikisha walipita 750,000, na chama hicho hicho kikapewa kazi ya kuwapanga.

Ni idadi ya kustaajabisha. Lakini wengi wao walikaa na simu zao wakingoja kuitwa, wala wasiitwe, huku wazee wengine wakitafuta mtu. Watu wa kutumwa walikuwepo, na watumaji walikuwepo. Kilichokosekana ni wa kuwajuanisha. Hapo sisi tusijione duni. Katika Makina au Gatina, mama muuza mboga hujua ni bibi yupi ambaye hajaonekana tangu juzi. Imamu hujua nani alikuwa safu ya mbele na leo hayupo. Kazi yetu ni kuyaandika yale ambayo mtaa tayari unayajua.

FEDHA NA MIGUU

Hatuwezi kuzungumza juu ya kikapu tusizungumze juu ya fedha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kutokana na hilo na mipango iliyotangulia, tangu 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni waliandikishwa katika Inua Jamii, kila mmoja apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku 30, hazifiki shilingi 67 kwa siku. Na mara kadhaa zimechelewa, zikaja za miezi kadhaa kwa pamoja, wakati deni la kibanda limekwisha zimeza. Zanzibar nayo ilianza Aprili 2016 kuwapa wazee wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, mwanzo mdogo wa jambo kubwa.

Asiye na kitambulisho hana hata hizo. Wanubi wanalijua hili, kwani kwa miaka mingi vijana wao walipitishwa katika kamati za kuwahakiki kabla ya kupewa kitambulisho, na aliyekikosa ujanani huweza kuzeeka bila nacho. Kwa hiyo kikundi cha wabeba kikapu kitakuwa kimefanya kazi nusu ikiwa kitamletea bibi unga kila siku, na kisimsindikize hata siku moja kwenda kuulizia haki yake.

Hapo hapo pana hatari. Mzee asiyeona vizuri humpa kijana simu na nambari ya siri amtolee fedha. Vijana wengi ni waaminifu, lakini mmoja asiye mwaminifu huharibu jina la wote, na bibi aliyeibiwa na mtu aliyemwita mwanangu hatamfungulia mwingine mlango. Dawa yake si kuacha kazi. Dawa ni taratibu: nambari ya siri haitajwi kwa mtu, fedha hutolewa mzee akiwepo, daftari hukaa kwa mzee, kijana hujulikana kwao, na huletwa mara ya kwanza na mtu mzima wa mtaa. Bibi wa zamani hakuwa mjinga alipouliza, "Wewe mtoto wa nani?" Alikuwa anachukua dhamana.

Kisha lipo swali la huyo kijana mwenyewe. Yeye naye ni maskini, huenda hajala tangu asubuhi, na kila saa anayobeba kikapu ni saa ambayo hakutafuta kibarua. Wahudumu wa afya wa mitaani walifanya kazi miaka mingi bila malipo, hadi 2023 ilipokubaliwa wapewe shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa hiyo tusione haya kumpa mbeba kikapu nauli na chakula cha mchana. Hata mtoto wa zamani alipewa kashata.

HOJA YA WATOTO WAKE

Wapo watakaosema: kazi hii ni ya watoto wake. Tukiwachukulia vijana wa mtaa, tutawapa watoto wavivu udhuru. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu Waislamu, ambao Kurani imetuamrisha kuwafanyia wema wazazi mara tu baada ya kutuamrisha kumwabudu Mungu peke yake.

Lakini tuitazame hali ilivyo. Mtoto yuko Mombasa, au yuko Doha akifanya kazi ya ulinzi, au dada yake yuko Riyadh katika nyumba ya watu. Hutuma fedha kwa simu kila mwezi, na Mungu atamlipa. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha zake haziwezi kushuka mteremko wa Lindi kwenda kununua mkaa. Kijana wa mtaa hamnyang'anyi mtoto yule wajibu wake, anaukamilisha. Na wapo wazee wasio na mtoto kabisa. Je, hao wahukumiwe kwa kosa la kutozaa?

Wema waliotutangulia hawakuuliza maswali haya mlangoni. Imesimuliwa kwamba nje ya Madina alikuwako bibi kizee kipofu, na Sayyidna Umar akawa anakwenda kumfanyia kazi zake. Kila akifika akakuta kazi imekwisha fanywa, maji yametekwa. Akavizia amjue aliyemtangulia, akamwona ni Sayyidna Abubakar, naye wakati huo ndiye Khalifa. Na Umar mwenyewe, alipokuwa Khalifa, alimkuta mama anayewachemshia watoto maji matupu ili walale. Akarudi ghalani, akabeba unga mgongoni mwake, na mtumishi alipotaka kumpokea akamkatalia, kwa kuwa Siku ya Kiyama hatakuwapo wa kumbebea. Naye Zainul Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali, alipofariki na kuoshwa yalionekana makovu mgongoni, na ndipo maskini wa Madina walipotambua ni nani aliyekuwa akiwaletea chakula usiku.

Watatu hao, kila mmoja alibeba kwa mgongo wake, na hakuna aliyejitangaza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

BAADA YA RAMADHANI

Jambo la kufanyika si kubwa. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, misikiti ya Nairobi na ya Pwani huandika majina ya wasiojiweza, ikawagawia futari na zakatul-fitri. Orodha ipo. Watu wa kubeba wapo. Lakini Shawwal ikiandama, orodha hutiwa mtotoni, na yule bibi aliyekuwa na haja mwezi mmoja huhesabiwa kuwa amepona kwa miezi 11. Je, haiwezekani orodha ile ile ikaendelea, si kwa gunia tena bali kwa kikapu? Vijana wawili kwa kila bibi, siku kwa zamu, daftari moja, na swali moja mlangoni? Na jirani Mkristo aingie katika orodha vilevile, kwa kuwa ujirani katika mafundisho yetu haukuwekewa mpaka wa dini.

Nasi tulio Pwani tusidhani tunawahurumia watu wa bara. Nyumba za Mji wa Kale zina orofa na ngazi za mwinuko mkali, na wazee walio juu ni wengi kuliko vijana waliobaki chini. Na huko Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi pana ugomvi wa shamba. Mzee asiyetembelewa huwa mgeni katika mtaa wake, na mgeni ni rahisi kuzushiwa. Kijana anayebisha hodi kila siku ni shahidi. Mwovu humwogopa shahidi.

Ndugu msomaji, magoti yako leo ni mazima. Ukipita mbele ya mlango wa mzee, hauhitaji chama, wala mkutano, wala fedha za mfadhili. Simama, toa shikamoo, uliza unatumwa nini. Na umchukue mwanao pamoja nawe, aulizwe yeye ni wa nani. Kwani siku itakuja ambapo wewe ndiye utakayekuwa umekaa barazani na sarafu mkononi, ukitazama njia.